HiAce bila reli: hema la ubavuni lishikwe na nini?

Mpanda_Menengai

Wakuu, hamjambo. Gari ni HiAce 200 nyembamba yenye paa la chini, mlango wa kuteleza uko kushoto kama kawaida yetu. Ndani kitanda na kabati viko tayari. Hema ni mtumba kutoka Uingereza, la aina ile inayosimama yenyewe: gari linaondoka, hema linabaki kambini. Upande wa gari lina ushoroba wa kitambaa wa kama mita moja, na kwenye mdomo wa ushoroba imeshonwa keda (ule ukingo wenye kamba ndani) ya mm 6, urefu mita 2.4. Limekuja pia na mikanda miwili mirefu ya kupitisha juu ya paa. Kibandiko kinasema kimo cha kuunganisha ni sm 180 hadi 210.

Tatizo: gari halina reli, ule mfereji wa alumini wa kupitishia keda. Lina gata ya mvua tu, na juu yake keria ya chuma.

Mpango ni kulala Makalia ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, gari litoke asubuhi na jioni kutazama wanyama huku hema likibaki. Baadaye Kisumu, kisha msitu wa Kakamega. Maswali yangu ni haya: nitoboe ubavu nifunge reli, au kuna njia nyingine? Mvua ikinyesha maji hayataingia pale hema linapokutana na gari? Na nikirudi kambini nitaliingizaje gari mahali pale pale bila kusukumana na hema nusu saa?

Fundi_Turubai

Anza na gata, drili iache dukani. Keria nyingi za matatu zinasimama juu ya gata hiyo hiyo na kubeba magunia ya viazi kutoka Molo, kwa hiyo haitashindwa na kitambaa.

Pima kwanza vitu vitatu. Kimo kutoka ardhini hadi mdomo wa gata, gari likiwa na mizigo yake yote. Paa la chini la 200 liko sm 198 gari likiwa tupu, na gata iko chini ya hapo, kwa hiyo utajikuta karibu na sm 185, yaani mwisho wa chini wa kibandiko chako. Kumbuka hilo, maana ndilo litakaloleta shida ya maji nitakayoieleza. Pili, pima urefu wa gata ulionyooka juu ya mlango kabla haijaanza kupinda mbele na nyuma. Tatu, hakikisha keda ni mm 6 kweli. Chukua biti ya drili ya mm 6 na ya mm 4, zilaze kando ya keda, uzilinganishe kwa kidole. Kuna mahema yenye keda ya mm 4, na ukinunua plastiki ya kuunganisha isiyolingana nayo, ama haipiti, ama inachomoka kwa upepo wa kwanza.

Mikanda ya juu ya paa inafaa kwa usiku mmoja wa haraka. Ina kasoro mbili za kudumu. Kati ya mkanda na mkanda kitambaa kinalegea, maji yanaingia pale pale unapokanyaga ukitoka garini. Na vumbi la Nakuru likiwa chini ya mkanda unaotikisika usiku kucha, rangi inasuguliwa kama kwa msasa. Ukiitumia, weka kitambaa laini chini yake kwenye kona za paa, na uzungushe mkanda mara mbili kabla ya kuukaza. Mkanda uliolala bapa unavuma kwenye upepo, uliosokotwa unanyamaza. Keria yako iko juu, kwa hiyo unaweza kuufunga kwenye keria badala ya kuuvusha hadi upande wa pili.

Njia ninayoipendekeza ni bomba na vibano pamoja na plastiki ya nane. Inakwenda hivi. Shona kipande chembamba cha PVC ya turubai chenye mfuko wa kupitisha bomba upande mmoja na keda upande wa pili. Bomba linabanwa kwenye gata kwa vibano. Keda ya kipande hiki na keda ya hema zinaunganishwa kwa ile plastiki yenye mifereji miwili, inayoonekana kama tarakimu 8 ukiitazama kwa ncha. Ukitaka kuondoka unatelezesha keda ya hema itoke kwenye plastiki, basi. Vibano huvigusi kila asubuhi ila kama unaenda mbali.

Vipimo: kata kitambaa upana wa sm 17, urefu mita 2.4. Sentimita 9 zinakwenda kwenye mfuko wa bomba la alumini la mm 16 pamoja na pindo lake, 2 zinakwenda kwenye mshono wa keda, zinabaki 6 kati ya bomba na keda. Usiongeze upana ukidhani unajipa nafasi. Kila sentimita unayoongeza hapa ni sentimita ya pengo pembeni mwa mlango, kwa sababu kuta za ushoroba zinasogezwa mbali na gari kwa kiasi hicho hicho.

Keda ukikosa ya dukani, fundi wa viti vya magari anaweza kuitengeneza. Kamba ya nailoni ya mm 5 ikizungushiwa PVC ya nusu milimita inakuwa mm 6 kamili. Lazima cherehani yake iwe na mguu wa zipu ili mshono ukae karibu kabisa na kamba. Mshono ukiwa mbali, kamba inacheza ndani na keda inakwama kwenye plastiki. Uzi uwe wa poliesta, mishono miwili sambamba, hatua ya mm 4 au 5. Uzi wa pamba usiukubali hata akikuapia. Jua letu na unyevu vitaumaliza.

Vibano vitano vinatosha kwa mita 2.4: cha kwanza na cha mwisho sm 10 kutoka ncha, vingine kila sm 55. Toa vipande vya sm 4 kwenye mfuko mahali vibano vinapokaa ili vishike bomba lenyewe. Fundi wa jua kali atavikunja kutoka chuma bapa cha mm 25 kwa 3, bolti ya M6, nati ya masikio ili usihitaji spana. Sehemu inayogusa gata ivishwe tyubu ya baiskeli. Ukiacha chuma kwa chuma, rangi ya gata inapasuka, kutu inaingia kwenye maungio ya paa, na baada ya muda maji yanadondoka juu ya kitanda chako bila wewe kujua yanatoka wapi.

Tengeneza kibano kimoja kwanza, kifunge, kisha fungua na ufunge mlango wa kuteleza polepole. Taya la kibano likining'inia sana chini ya gata, mlango utaligonga kila mara. Ukiona hivyo, punguza taya kwa msumeno kabla ya kutengeneza vile vinne vingine.

Plastiki ya nane kwa kawaida huuzwa vipande vitatu vya mita moja. Chukua ile ya 6 kwa 6, kwa sababu keda zako zote mbili ni mm 6. Vipande viwili viache vizima, cha tatu ukikate sm 38, halafu acha nafasi ya sm 1 kati ya kimoja na kingine. Ncha zote zilainishe kwa msasa. Ncha mbichi ya plastiki inakata keda. Paka keda nta ya mshumaa wa kawaida. Mafuta ya kula au ya injini hapana, yanakamata vumbi na kugeuka gundi.

Sasa maji. Gari lako ni fupi kuliko mgongo wa hema, kwa hiyo paa la ushoroba linateremka kuelekea garini. Mvua kubwa ikija, maji yanakusanyika pale kwenye muungano, yanavuta kitambaa chini, na mwisho yanamwagika mlangoni. Kukaza kamba zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni kuinua katikati: pitisha ufito wa faiba unaopinda, au simamisha nguzo moja yenye kifuniko laini cha mpira, katikati ya ushoroba, ili paa liwe na mgongo na maji yashuke pande mbili. Kisha vuta kona za chini za ushoroba, moja kuelekea mbele ya gari na nyingine nyuma, badala ya kuzivuta zote kuelekea hemani.

Kuhusu kutoboa: ukitaka reli ya kudumu siwezi kukuzuia, lakini kila tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu, ribiti ziwe za kichwa kilichozibwa, kila sm 15 hadi 20, na chini ya reli uweke gundi ya poliurethani kama Sikaflex. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie kwenye bodi ya gari, asidi yake inakula chuma.

Mzee_wa_Keria

Fundi amesema vizuri ila amezunguka mbali. Keria iko pale. Nunua reli ya alumini yenye mfereji wa mm 6, ifunge kwenye bomba la chini la keria kwa bolti nne za M6, weka washa za mpira. Plastiki ya nane inaunganisha keda ya hema na kipande cha kitambaa chenye keda pande zote mbili, ambacho upande wake mmoja unaingia kwenye reli. Hakuna kushona, hakuna vibano vitano. Na unapata sentimita kadhaa za kimo zaidi, hivyo ile shida ya maji kuteremka kuelekea garini inapungua.

Fundi_Turubai

Mzee, kimo kinaongezeka, ni kweli. Lakini tazama reli imekaa wapi: juu ya gata na nje yake. Maji yote ya paa sasa yanashukia nyuma ya kitambaa, kati ya hema na gari. Gata ikiwa safi itayapeleka mbele na nyuma, nje ya ushoroba, na hutaona tatizo. Ikijaa maua ya jakaranda au majani ya mfukalitasi inafurika, na inafurikia ndani. Kwa bomba lililobanwa kwenye mdomo wa gata, maji yakifurika yanapita juu ya kitambaa.

Kwa hiyo reli kwenye keria inawezekana, mradi ushone ulimi wa PVC wa kama sm 25 unaoanzia chini ya keria, juu ya paa, na kushuka juu ya reli. Na usafishe gata kila unapoegesha chini ya miti. Jambo jingine: keria za kuchomelea hazinyooki kama rula. Reli iliyolazimishwa kufuata chuma kilichopinda inabana mfereji, keda inakwama katikati. Tumia washa kujaza penye pengo.

Mzee_wa_Keria

Ulimi nakubali. Keria yenyewe pia iangaliwe, ikitikisika wakati wa kuendesha basi itatikisika na hema.

Mama_Kambi

Ndugu Mpanda, hayo ya kushika yamejibiwa, mimi nije kwenye kuondoka na kurudi, kwa sababu mahema mengi yanachanika asubuhi, si usiku.

Siku ya kwanza usisimamishe hema mpaka gari limekaa. Magurudumu ya mbele yawe yamenyooka, gari liwe sawa. Weka pima maji sakafuni au hata chupa ya maji iliyolala. Tandika sakafu ya hema kando yake ukiacha urefu wa ushoroba ukipunguza kama sm 10. Simamisha hema, tia vigingi vya kona bila kuvikaza. Sasa unganisha ushoroba na gari. Ukiona mikunjo ya mshazari kwenye paa la ushoroba, hema halijakaa sambamba na gari: ng'oa vigingi vya upande mmoja ulisogeze. Kaza vigingi vyote mwisho kabisa.

Kisha weka alama, na hapa usiwe mvivu. Ubao mmoja mbele ya gurudumu la mbele la kushoto, wa kulisimamisha. Mstari wa mawe madogo au kamba iliyolazwa chini kando ya magurudumu ya kushoto, kukuonyesha umbali. Na kipande cha utepe wa rangi kwenye ukingo wa mlango, kikitazamana na kingine kwenye mdomo wa ushoroba. Ukirudi, ubao unakwambia usimame wapi, kamba inakwambia uko mbali kiasi gani, utepe unathibitisha. Ukikosea kwa sm 10 mbele au nyuma, keda itateleza na kufidia. Ukikosea kwa umbali kutoka hemani, haifidii. Rudi nyuma uingie tena. Usitumie vigingi vya chuma kama alama za gurudumu.

Mageti ya hifadhi yanafunguliwa saa 12 asubuhi, na kambini saa hizo kitambaa kimelowa umande. Mpangilio wa kuondoka ni huu. Funga zipu ya mlango wa ndani, ule ulio kati ya hema na ushoroba. Fungua pazia la chini lililofungwa kwenye kizingiti cha gari. Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloburutwa. Legeza kamba za kona za ushoroba. Telezesha keda itoke kwa kuivuta kuelekea nyuma ya gari, mtu mmoja akivuta na mwingine akiishika isikunjike. Ukiwa peke yako, toa plastiki kipande kimoja kimoja. Kung'uta umande, viringisha ushoroba kwenda juu, ufunge kwa vitanzi vyake. Mara ushoroba ukiachia gari, hema limepoteza mtu wa kulishika upande huo, kwa hiyo kona mbili zilizotazamana na gari lazima zipate kamba zake na vigingi vyake kabla hujawasha injini. Hapa ndipo watu wanapoondoka na kurudi wakakuta hema limelala kifudifudi.

Kile kipande cha Fundi chenye bomba, kama kinabaki kwenye gata, kiviringishe na ukifunge kwenye keria kwa vipande vitatu vya kamba. Kikiachwa kinapigapiga ubavu hadi rangi iishe. Kwa mwendo wa barabara kuu kitoe kabisa.

Zunguka gari mara moja kwa miguu. Toka ukienda mbele, na unyooke mpaka nyuma ya gari ipite hema ndipo ukate kona. Hema liko kushoto. Ukikata kulia mapema, tako la gari linatupwa kushoto, kwenye kamba.

Makalia kuna nyani na tumbili. Hema tupu halitawavutia sana, hema lenye ndizi litafunguliwa. Chakula chote, hata chumvi na sabuni yenye harufu, kiende na gari. Vishikio vya zipu vifungwe pamoja kwa kamba fupi. Kwenye kamba za hema funga vipande vya kitambaa cheupe, maana nyati hutembea usiku na hawezi kujua kamba yako iko wapi. Wewe pia hutaijua.

Mpanda_Menengai

Nawashukuru sana. Nimejaribu kibano kimoja kama Fundi alivyosema, mlango unapita ila kwa nafasi ndogo. Nitapunguza taya.

Swali la mwisho: vigingi vilivyokuja na hema ni waya mwembamba wa kama sm 18. Vitafaa udongo wa huku? Na Kisumu nielekeze mlango wapi, nasikia jioni kuna upepo.

Dunga_Upepo

Hivyo vya sm 18 ni vya nyasi laini za Uingereza. Ukiwa Nakuru, sehemu kubwa ya udongo ni majivu ya volkeno na mawe mepesi yaliyosagika. Kigingi chembamba kinaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole. Unachohitaji ni urefu. Nunua nondo ya mm 8 ya mita 12, ikatwe vipande vya sm 40, unapata 30. Ncha moja ichongwe, nyingine ikunjwe kulabu. Vitumie kwenye kamba zote kuu na kona, vile vyembamba viweke kwenye ukingo wa sakafu tu. Kigingi kilale kuelekea mbali na hema, ili kamba na kigingi vikutane karibu na pembe mraba. Kikisimama wima kwenye majivu, kamba inakipanua tundu kidogo kidogo mpaka kiachie.

Mahali pa changarawe ya murramu iliyoshindiliwa, nondo hizo hizo zitaingia kwa nyundo nzito, zile za waya zitapinda. Kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, mambo yanageuka: wakati wa kiangazi unapasuka na kigingi kinaangukia kwenye ufa, wakati wa mvua unakuwa uji. Hapo jaza gunia udongo, lifunge kamba shingoni, lizike kina cha sm 30 hadi 40, kamba itoke juu. Halitoki. Na usiegeshe gari kwenye udongo mweusi mvua ikikaribia, hema litakuwa na sababu ya kubaki na gari pia.

Upepo wa Kisumu una ratiba. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, hewa inavuta kutoka ziwani kuelekea mjini, yaani kutoka magharibi na kusini-magharibi, na unakuwa mkali alasiri. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mara nyingi taratibu zaidi. Kwa hiyo gari liwe upande wa ziwa, hema liwe nyuma yake upande wa nchi kavu, na mlango mkuu wa hema usitazame maji. Gari linakuwa ukuta wako wa alasiri. Lakini siku gari limeondoka ukuta umeondoka nalo; siku hiyo kaza kamba za upande wa ziwa kabla ya saa saba mchana, na kama wingu jeusi limeshajenga, acha safari au ulaze hema chini. Ngurumo za jioni za Kisumu huja na upepo wa kushuka unaoweza kutokea upande wowote, na hema la ubavuni lenye mlango wazi linajaa na kunyanyuka.

Usiweke kambi ukingoni mwa maji. Viboko hupanda kula nyasi usiku, na hawatazunguka hema lako. Taa nyeupe mlangoni nayo itaita wadudu wa ziwa kwa mawingu. Weka ya manjano, tena mbali na ushoroba.

Ukipitia Kericho au Nandi, mvua ya mawe huko ni jambo la kawaida. Hema la poliesta linaweza kutobolewa. Ikianza na uko kambini, shusha paa la ushoroba na uingie garini, kitambaa kilicholegea kinaumia kidogo kuliko kilichokazwa.

Kakamega shida si upepo, ni maji yasiyokwisha. Msitu unapata karibu mm 2,000 kwa mwaka na miezi mikavu ni michache. Egesha mbali na mti wenye matawi makavu. Fungua matundu ya hewa ya hema hata kukiwa na baridi, la sivyo asubuhi ukuta wa ndani utakuwa umelowa na utadhani linavuja. Sakafu ya hema usiiache mahali pamoja siku nyingi bila kuinua: mchwa wanapanda kutoka chini na kutoboa plastiki kimya kimya. Inua kila siku ya pili, ukague.

Mama_Kambi

Niongeze moja ambalo halijasemwa, na lisemwe kwa sauti. Ushoroba ukishaunganishwa, hewa ya hemani ndiyo hewa ya garini. Jiko la makaa lisiingie humo, hata likiwa linaelekea kuzima, hata kama ni baridi ya Mau Summit. Makaa yanayofifia ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, haina harufu, na aliyelala haamki. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje au penye mlango wazi. Na injini isiachwe ikinguruma gari likiwa limeunganishwa, pazia la chini linakusanya moshi.

Mpanda_Menengai

Nimeelewa. Fundi, PVC ya uzito gani kwa kile kipande? Hapa mjini nimeonyeshwa ya maturubai ya lori, ni nzito.

Fundi_Turubai

Ya lori ni nzito mno kwa keda, ukiizungushia kamba ya mm 5 utapata karibu mm 6.5 na haitapita kwenye plastiki. Tafuta yenye unene wa nusu milimita. Ukiikosa, tumia ya lori kwenye mfuko wa bomba peke yake, na keda uishone kwa ile nyembamba. Au punguza kamba iwe mm 4. Shona kipande cha sm 20 kwanza, ukipitishe kwenye plastiki ya nane kikiwa kikavu, kisha kikiwa kimelowa. Kikipita mara zote mbili bila kuvutwa kwa nguvu, shona iliyobaki.